Benchi la Kliniki ya Waithaka

Kazi yangu ilikuwa kuuliza watu maswali. Niliianza miaka michache baada ya Uhuru na nimeiacha juzi tu nilipokabidhi funguo za kabati langu, na nyinyi mnaobaki mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Hayo yamo kwenye faili, na hayamfurahishi mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Nitaandika juu ya kuuliza, maana wengi wenu mnadhani kuuliza ni kufungua mdomo tu.

Ofisi yetu ilikuwa orofa ya juu ya jengo moja katikati ya jiji la Nairobi. Tulitumwa mitaani kupima kama huduma za umma zinawafaa wakazi: maji ya bomba, uzoaji wa taka, taa za barabarani, masoko na kliniki. Tulibisha hodi nyumba hadi nyumba, tukarudi na majibu, na wakubwa wakaamua wapi pa kuongeza na wapi pa kufunga. Hilo la kufunga ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Ukikosea kuuliza, kuna mtu asiyekujua ambaye kesho atakuta mlango una kufuli.

Mimi nilitoka Bunyore, magharibi ya nchi, kuja kukaa kwa kaka yangu, nikasomea kupiga taipu, nikaajiriwa kupiga taipu. Siku moja mpimaji mmoja aliacha kazi na wakatafuta mwanamke wa kujaza nafasi yake. Walinichagua mimi. Nilipouliza kwa nini, karani mmoja aliniambia ni kwa sababu nilikuwa na viatu vya kutembelea. Nilimchukia siku hiyo, lakini baadaye nimekuja kuajiri watu kwa kipimo hichohicho.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Salma, mama wa Kimombasa aliyekaa katikati ya jiji karibu na msikiti, mumewe akiwa mwalimu wa madrasa. Alivaa buibui juu ya gauni la ofisini na alibeba mwavuli mvua ikinyesha isinyeshe, akisema mbwa wa Nairobi hawana adabu. Kiswahili changu kilimchekesha sana. Nikisema jambo alinirekebisha papo hapo, mbele ya watu, kisha akaninunulia mahamri ili nisinune. Kila kitu ninachokijua katika kazi hii nilikipata kwake, na hakuna siku niliyomshukuru vya kutosha. Namshukuru hapa.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka Kawangware, kwenye bomba la maji la watu wote. Nilikuwa na ubao wangu wa kuandikia, penseli imechongwa, na swali langu tayari. Nikamwendea mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya debe lake.

"Mama, maji hapa yanatosha?"

"Yanatosha, tunashukuru."

Nikaandika. Nikamwuliza wa pili, naye akashukuru. Wa tatu akashukuru zaidi na kuniombea mume. Nikarudi kwa Bi Salma nikiwa nimejaa furaha, nikamwambia kazi imekwisha. Yeye alinitazama, akaenda kwa yule mama wa kwanza, akachutama kando yake na kumwamkia, akauliza habari za nyumbani. Kisha akamwuliza, kama mtu anayepitisha wakati:

"Jana ulichota maji wapi, mama?"

"Jana? Jana bomba ilikuwa kavu. Nilienda mtoni."

"Na juzi?"

"Juzi pia mtoni."

Nikashindwa kujizuia. "Lakini mama, umeniambia yanatosha!"

Akanigeukia kwa upole. "Si umeuliza kama yanatosha? Yakija, yanatosha."

Tulipokuwa tukirudi, Bi Salma aliniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa kila mpimaji mpya mpaka nikaonekana kero. "Mwanangu, ukimwuliza mtu kama kitu ni kizuri, wamwomba adabu, naye atakupa adabu. Wewe ni mgeni, una penseli, watoka serikalini. Atakulalamikia vipi? Muulize jana alifanya nini. Jana haina adabu."

Basi nikaanza kuuliza jana. Niliuliza jana katika mvua na katika vumbi, Kawangware, Riruta, na kwenye vibanda vya Kenyatta Market ambako moshi wa nyama uliingia nguoni na kaka yangu alidhani nimekula bila kumkumbuka. Nilijifunza kuandika kwa penseli kwa sababu wino ukilowa unabaki na karatasi ya samawati tu. Nilijifunza kukubali chai kila nyumba lakini nisimalize kikombe, maana ukimaliza unaongezewa. Nilijifunza kutotazama paa la mtu. Ukitazama paa, mwenye nyumba anadhani umekuja kulibomoa, na hapo hupati jibu hata la jina lake.

Lakini fomu yetu ilikuwa na amri moja juu kabisa: aulizwe mkuu wa nyumba. Hata Bi Salma aliifuata. Ilionekana jambo la heshima, na kwa kweli lilikuwa la heshima. Unaingia boma la watu, unamtafuta mzee, unaongea naye. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba heshima hiyo ingeweza kufunga kliniki.

Kliniki yenyewe ilikuwa Waithaka, pembeni mwa jiji, nyumba ndogo ya mawe yenye baraza mbele, kando ya njia ya kwenda sokoni. Ilijengwa kwa ajili ya akina mama na watoto wachanga: kupima uzito, chanjo, dawa ya kifua. Mwanzoni ilijaa. Halafu, mnamo miaka ya sabini mwanzoni, wanawake wakaacha kuja. Muuguzi alikaa peke yake akishona vitambaa. Mkuu wetu, Bwana Wekesa, hakuwa mtu mbaya, lakini alichukia kuona chumba kitupu kinalipiwa muuguzi. Akatutuma tukapime. Kama hawaihitaji, ifungwe mwisho wa mwezi na muuguzi apelekwe kwingine.

Nyumba ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya Mama Kinuthia. Alikuwa mjane aliyekula chumvi nyingi, amekaa wima kwenye kigoda mlangoni, masikio yake yametobolewa kwa desturi ya wazee wa kwao. Aliishi na mwanawe Kinuthia, fundi wa mbao, na mke wa Kinuthia aliyeitwa Nyokabi. Nyokabi alituletea chai. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kike aliyekohoa kikohozi kikavu ambacho hakikufanana na umri wake. Nilimwuliza Mama Kinuthia habari za maji, barabara, taka, akajibu yote bila haraka. Nikafika kliniki.

"Kliniki ni mzuri," alisema. "Serikali ilitukumbuka."

"Mara ya mwisho mtoto alipougua, mlimpeleka wapi?"

"Alipelekwa hospitali. Akapona."

Mtoto akakohoa. Nikamtazama Nyokabi, naye akatazama birika. Nikaandika nilichoambiwa, na ndivyo nyumba zote zilivyokuwa. Kliniki ni nzuri, tunashukuru, watoto wanapelekwa hospitali. Bwana Wekesa aliposoma aliweka miwani mezani na kusema, "Basi. Wameridhika, na hawaji. Tufunge."

Wiki iliyofuata tulikuwa na zamu ya Lavington, mtaa wa matajiri. Mkitaka kujua malalamiko ni nini, nendeni Lavington. Huko hakuna anayekupa adabu badala ya jibu, mradi askari wa mlangoni akuruhusu kupita. Mama mmoja mwenye nyumba, mke wa ofisa mkubwa, alinikalisha sebuleni na kunieleza habari za gari la taka hadi mgongo ukaniuma.

"My dear, wanakuja saa nne asubuhi! Saa nne! Wageni wangu wako kwa bustani wanakunywa chai, na hao wanapita na hiyo harufu. Andika hiyo. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Na msichana wangu wa kufua, hata yeye amenishinda. Kila wiki anaomba ruhusa, ati mtoto, ati hospitali. Nimemwambia akikosa mara moja tena, asirudi."

Simu ikalia, akaenda kuipokea. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kunyoosha miguu. Kwenye sinki la kufulia nje alikuwa Nyokabi wa Waithaka, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Alinitambua kabla sijamtambua, na akashtuka kama amefumaniwa.

Nilimwamkia nikamwuliza mtoto yuko wapi.

"Nimeachia jirani. Huyu mama hataki mtoto hapa."

"Bado anakohoa?"

"Anakohoa. Usiku hatulali."

"Na kliniki iko hapo karibu nanyi, Nyokabi. Kwa nini unampeleka mpaka town?"

Alifinya shati, akalitupa ndani ya beseni, akatazama mlango wa jikoni. Huko Waithaka sikuwa nimesikia sauti yake hata mara moja. Hapa, nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, maneno yalimtoka yote kwa pamoja.

"Wewe hujaona ile picha? Ile bodi walipaka hapo mbele? Baba, mama, watoto wawili, ati panga jamii yako. Saa hii mtu akikuona umekaa kwa hiyo benchi, anajua umeenda kuchukua hiyo dawa ya kuzuia. Hata kama mtoto anakufa mgongoni, hawaoni mtoto. Wanaona benchi."

"Nani anaona?"

"Si wazee wote wanapita hapo wakienda soko. Mama ya bwana yangu anauza ndizi karibu tu na hapo. Mimi nilienda mara moja, mtoto alikuwa na joto. Jioni bwana yangu akaniuliza, wee Nyokabi, umeamua nyumba yangu iishe? Mama yake alikuwa amekaa tu, hakusema kitu. Tangu siku hiyo sijaenda. Naamka giza natembea mpaka hospitali kubwa, napanga laini, nachelewa kazi. Sasa huyu hapa anasema ananifukuza." Akafuta macho kwa mkono wa povu, akayaumiza zaidi. "Na nyinyi mnasikika mnafunga. Mkifunga, huyu mtoto nitapeleka wapi akizidiwa?"

Ile bodi niliijua. Ofisini tuliisifu sana ilipopakwa, mchoraji aliiga vizuri hata vifungo vya shati la baba. Ilikuwa imetundikwa juu ya benchi la barazani, wanawake wakikaa chini yake kama wamejitangaza wenyewe. Ilitundikwa kwa nia njema, na nyumba ikabaki tupu tangu mwezi uleule.

"Usiandike jina yangu," Nyokabi aliniambia. "Mama, tafadhali. Mama ya bwana yangu akisikia, mimi nimekwisha."

Nikamwahidi. Simu ndani ilikuwa imewekwa chini, nikarudi sebuleni kusikiliza habari za taa za barabarani.

Jioni nilimweleza Bi Salma nikiwa na hasira kweli, na sehemu ya hasira ile ilikuwa juu ya fomu yetu na mkuu wake wa nyumba. Alisikiliza hadi mwisho huku akizungusha mpini wa mwavuli wake. "Huyo mmoja tu hatoshi," alisema. "Bwana Wekesa atasema ni umbea wa sinkini. Na ukimtaja, umemwuza. Wako wanawake wangapi wa Waithaka wafuao Lavington?"

"Wengi."

"Basi kesho tutapita milango ya nyuma."

Tulipita milango ya nyuma. Mbele tulibisha kama ilivyoandikwa kwenye ratiba, tukauliza wenye nyumba habari za taka, kisha Bi Salma akaomba maji ya kunywa na kuyafuata mwenyewe jikoni. Sijapata kumwona mtu mwenye kiu kama yeye wiki ile. Wanawake wa kufua, wa kupika, wa kulea watoto wa wenzao, wote walituambia jana yao. Yule alikwenda kwa miguu mpaka hospitali. Yule alinunua dawa dukani kwa kubahatisha. Yule hakwenda popote, na alipofika hapo alinyamaza, Bi Salma akamshika mkono na hatukumwuliza zaidi. Hakuna aliyesema kliniki ni mbaya. Wote walisema benchi.

Bwana Wekesa alikasirika, lakini si kwa muda mrefu. Kwanza alisema tumetoka nje ya utaratibu. Bi Salma akakubali kwamba ndiyo, tumetoka kabisa. Halafu akasema bodi ile imegharimu kazi ya watu na haiwezi kung'olewa kwa maneno ya jikoni. Nikamwambia, "Bwana, sisi tuliwauliza wakwe. Wanaouguliwa na watoto ni wakaza wana wao, nao hawawezi kusema wakwe wakiwapo. Tuwape muda. Bodi itolewe, benchi lihamishwe uani, mlango wa nyuma ufunguliwe. Wakikosa kuja, nitapiga taipu barua ya kufunga mimi mwenyewe."

Alichukua tena miwani yake. "Mke wangu naye ana mama mkwe," alisema, akatia sahihi. Ninamshukuru huyo naye. Wakubwa wengi niliofanya nao kazi baadaye wangesema wanawake waende tu, wawe na ujasiri.

Kwa hiyo kazi yote ilikuwa debe la rangi, wafungwa wawili tulioazimwa na jela wa kubeba benchi, na seremala wa kutoboa mlango upande wa uani. Mbele likabaki neno moja tu, Kliniki. Atakayeingia huenda amekuja kwa kikohozi, kwa kupimwa, kwa hiyo dawa ya kupanga uzazi, au kumsalimu muuguzi. Anayepita njia ya soko hana la kuona.

Sikuwa na amani miezi ile. Nyokabi alinijia akilini kila asubuhi nilipopanda ngazi za ofisini, nikijiuliza kama bado yupo kwenye lile sinki, na mtoto yupo kwa jirani gani, na kama yupo. Niliwahi kupita Lavington kumwulizia, askari akaniambia yule msichana wa kufua alishaondoka. Hakujua alikokwenda. Nilirudi mjini kwa miguu siku hiyo ili nisikutane na mtu ninayemjua.

Ratiba ikaturudisha Waithaka wakati wa baridi, ule mwezi wa ukungu ambao watu wa magharibi ya nchi kama mimi hatujauzoea hadi leo. Bi Salma alikuwa na mafua, nikaenda peke yangu. Nilizunguka uani nikakuta benchi limejaa, na wengine wamekaa kwenye mkeka. Nilisimama pale nikiwa na ubao wangu na sikuweza kuandika kitu kwa furaha.

Mwisho wa benchi, blanketi begani, aliketi Mama Kinuthia. Mapajani alimpakata yule mtoto wa kike. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na alikuwa akivuta ushanga wa bibi yake bila kukohoa.

Nilimwamkia, akanisogezea nafasi.

"Mama yake yuko kazini," alisema. "Amepata ya kushonea watu nguo hapa karibu. Mimi ndio naleta huyu."

"Hajambo sasa?"

"Hajambo. Anakula kuliko baba yake." Alitazama ukuta wa mbele, pale ilipokuwa bodi. "Ile picha ya watoto wawili, ni nyinyi mlitoa?"

"Ni sisi, mama."

"Mlifanya vizuri. Wasichana walikuwa wanaogopa. Walifikiri sisi wazee tunawaangalia."

"Hamkuwa mnawaangalia?"

"Tulikuwa tunawaangalia!" Akacheka mpaka mtoto akacheka naye. Kisha akashusha sauti, ingawa wote pale benchini walikuwa wanawake. "Nyokabi huja hapa na mambo yake mengine. Anafikiri sijui. Mimi ni mzee, sioni mbali."

"Na Kinuthia?"

"Kinuthia nilimzaa mimi. Nikimwambia anyamaze, ananyamaza."

Nikamwuliza, kwa sababu lilikuwa likinisumbua tangu siku ile ya chai, kwa nini hakuniambia. Kwa nini alisema kliniki ni nzuri, basi, ilhali alijua kwa nini ni tupu.

Alimfunga mtoto blanketi vizuri.

"Ulikuja kwangu ukauliza maji. Ukauliza barabara, ukauliza takataka, ukauliza huyu mtoto. Nilikujibu yote. Mimi nimezaa kumi na mmoja, na wanne nimezika, na hakukuwa na nyumba kama hii. Nikikaa pale na ndizi zangu naangalia hiyo benchi, ulijua naangalia nini? Nilikuwa naangalia kama ni mimi nimekaa hapo. Hiyo hukuniuliza. Hakuna mtu ameniuliza hiyo, tangu nizaliwe."

Muuguzi akaita jina la mtu, mama mmoja akainuka na mtoto wake, na sisi tukasogea kidogo. Niliweka ubao wangu chini, kwenye nyasi, na penseli juu yake.

"Nakuuliza leo, mama."

Alinipima kwa macho, kuona kama nina haraka. Kisha akanikabidhi mjukuu wake ili mikono yake iwe huru, akaanza na mzaliwa wake wa kwanza.